Goti Lililosagika na Mguu Usiojua Ulipo: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Milima ya Mawe ya Mwanza

Mtu mwenye magoti yaliyosagika atakueleza maumivu kwanza, kisha kukakamaa kwa asubuhi, kisha ile milio ya kukwaruza anapoinuka. Lipo lalamiko la nne ambalo hulitaja harakaharaka, tena kwa aibu: "Mguu unaniachia." "Nakanyaga, lakini sina uhakika nimekanyaga wapi." Mwongozo huu ni wa lalamiko hilo. Ukiishi Mabatini, Igogo au Bugarika, ambako njia ya kufika nyumbani ni ngazi zilizopita kati ya majabali, hilo ndilo linalovunja watu nyonga na mikono.

Niseme msimamo wangu mapema. Dawa ya maumivu inaweza kukuinua kitandani, lakini haikurudishii hisia ya kujua mguu uko wapi. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya paja, mazoezi ya usawa, kiatu kizuri na tochi, na vyote hivyo unaweza kuvianza wiki hii ukiwa nyumbani.

Kinachoendelea ndani ya goti

Kaa kitini, fumba macho, nyoosha mguu nusu. Hujauangalia, lakini unajua umeunyoosha kiasi gani, na unajua kama unasogea au umetulia. Taarifa hizo hutoka kwenye vipokezi vidogo sana vya fahamu. Vilivyo muhimu zaidi vimo ndani ya misuli, hasa ya paja, vikipima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Vingine vimo kwenye kano, kwenye mfuko unaolizunguka goti, kwenye pedi mbili za ndani ziitwazo meniskasi, na kwenye ngozi. Ubongo unaziunganisha taarifa zote hizo na zile za macho na za sikio la ndani, ndipo unaamua uweke mguu wapi.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya fahamu hata kidogo. Sasa inakuwaje kitu kisicho na fahamu kikisagika mtu apoteze hisia? Ni kwa sababu ugonjwa huu, ambao madaktari huuita osteoathritisi, hauishii kwenye gegedu. Mfuko wa goti unakuwa mnene, kano zinalegea kadiri nafasi kati ya mifupa inavyopungua, meniskasi inachanika, mfupa unaota vijino pembeni, na utando wa ndani unavimba. Maji yakijaa gotini, hata yakiwa kidogo, uti wa mgongo hupunguza amri inayokwenda kwenye misuli ya mbele ya paja. Msuli usiotumwa kazi unanywea, na vipokezi vilivyomo ndani yake vinatuma habari hafifu. Ni sawa na dereva wa daladala anayerudi nyuma kwenye kona ya Mirongo huku konda wake akimwambia "simama" sekunde moja baada ya kugonga.

Watafiti walipowafumba macho watu wenye magoti yaliyosagika na kuwataka waurudishe mguu kwenye pembe fulani, kwa wastani walikosea zaidi kuliko wenzao wa umri uleule wenye magoti mazima. Wazee nao, hata wasio na ugonjwa, hukosea kuliko vijana. Jambo lililonishangaza mimi ni kwamba baadhi ya walioumwa goti moja walionyesha upungufu kwenye goti la pili pia, lile waliloliita zima. Kwa hiyo mguu wako "mzuri" usiuamini kupita kiasi. Pia tusikuze mambo: hisia iliyopungua inachangia ulemavu kwa kiasi tu, haielezi kila kitu, na picha ya eksirei haiwezi kukuonyesha imepungua kiasi gani.

Hapa nigusie bamia. Kanda ya Ziwa nzima utaambiwa "ute wa magoti umeisha", unywe maji ya bamia urudi. Utelezi wa bamia unaishia tumboni kama chakula kingine, hauna njia ya kufika gotini. Tena goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, na maji hayohayo ndiyo yanayoizima misuli. Bamia ni mboga nzuri, iliwe na ugali na sato, basi.

Hatua ya kwanza: hakikisha tatizo ni goti kweli

Kabla ya kulilaumu goti, pima kidole gumba cha mguu. Mgonjwa alale, afumbe macho. Msaidizi akishike kidole hicho kwa pembeni, upande wa kushoto na kulia, si juu na chini, maana kidole cha msaidizi kikigandamiza kutoka juu, ngozi itamwambia mgonjwa jibu. Akisogeze kidogo kwenda juu au chini mara kadhaa bila mpangilio, kila mara akiuliza kimekwenda wapi. Mwenye osteoathritisi ya goti peke yake atajibu sawasawa. Akibahatisha, au kama nyayo zina ganzi na anahisi anatembea juu ya pamba, tatizo huenda liko kwenye mishipa ya fahamu. Kisukari ndicho mshukiwa mkuu. Upungufu wa vitamini B12 ni mwingine, na watumiaji wa muda mrefu wa metformini, dawa ya kisukari, wako katika hatari hiyo. Huyo aende kituo cha afya apimwe, asipoteze miezi akifanya mazoezi ya goti.

Kukakamaa asubuhi nako kunasema kitu. Kwenye goti lililosagika kwa kawaida hakuzidi nusu saa. Kukizidi, hasa kama na vidole vya mikono vimevimba, fikiria magonjwa mengine ya viungo. Kijana mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) anayeumwa nyonga asiambiwe "umesagika", kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Kanda hii ina wagonjwa wengi wa selimundu, na hilo nimeona likipuuzwa.

Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mwenyewe ana homa juu yake, ni la hospitali leo hii. Vivyo hivyo goti lililojifunga halinyooki, au mguu usioweza kubeba uzito baada ya kuanguka.

Hatua ya pili: jipime, uandike

Chukua daftari. Vipimo vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni cha kurudisha pembe. Mgonjwa akae juu ya meza imara au kitanda kirefu ili miguu ining'inie bila kugusa sakafu, suruali au kitenge kipandishwe juu ya goti. Simu iwekwe pembeni, juu ya stuli, irekodi video. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mama, fumba macho. Nauinua mguu wako, usinisaidie."

"Haya."

"Hapo. Pakumbuke hapo." Anausubirisha sekunde tano, anaushusha taratibu. "Sasa uinue mwenyewe mpaka palepale."

"Ni hapa, mwanangu?"

"Usiniulize, mama. Ukiona umefika, sema tu nimefika."

Fanya hivyo mara tano kwa pembe tofauti, halafu mguu wa pili. Msimwambie amepatia au amekosea mpaka mwisho. Kisha angalieni video. Kukosea nyuzi chache ni kwa kila mtu, hata kijana wa mazoezi. Unachotafuta ni kukosea kwingi kunakojirudia: kila mara anapitiliza, au kila mara anaishia chini, au leo huku kesho kule bila mpango.

Cha pili, kuinuka kitini. Kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani, mikono ikunjwe kifuani. Hesabu ameinuka na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa kipimo kinachotumiwa na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, mwenye umri wa miaka 60 hadi 64 akifanya chini ya mara 12 kwa mwanamke au 14 kwa mwanaume, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa miaka 65 hadi 69 ni 11 na 12. Namba hizo ni za kwao. Mimi ningezitumia kama alama ya kuanzia tu, kisha ushindane na namba yako mwenyewe.

Cha tatu, simama kwa mguu mmoja huku vidole vya mkono vikiwa karibu na fremu ya mlango, macho wazi, uone unafika sekunde ngapi hadi 30. Kufumba macho ukiwa umesimama kufanyike kwa miguu yote miwili, msaidizi akiwa nyuma, mikono yake tayari. Mtu anayesimama vizuri macho yakiwa wazi, kisha anayumba vibaya mara anapoyafumba, anaishi kwa kutegemea macho. Mkumbuke huyo tutakapofika kwenye suala la giza.

Rudia vipimo kila baada ya wiki nne. Ukipima kila siku utakata tamaa bure.

Hatua ya tatu: ondoa uvimbe kwanza

Kumjengea misuli mtu mwenye goti lililojaa maji ni kazi ngumu, kwa sababu amri ya ubongo inazuiwa njiani. Jioni inua mguu juu ya mto, weka barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Ile mifuko ya barafu ya dukani inatosha. Usiiweke juu ya ngozi tupu, na mwenye ganzi ya kisukari asiitumie kabisa. Gel ya diklofenaki ya kupaka ndiyo dawa ya kuanzia kwa goti. Vidonge vya jamii hiyo vinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha, hivyo visiwe vya kununua tu duka la dawa kila wiki kama pipi. Dawa zinazoleta usingizi au kizunguzungu, tramadoli ya maumivu ikiwemo, zinaongeza kuanguka. Goti ulilipoze halafu uanguke kwa kizunguzungu, umepata nini?

Hatua ya nne: paja

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo usiruke.

Wiki mbili za mwanzo, kaa au lala mguu umenyooka, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti. Igandamize khanga kwa nyuma ya goti mpaka uone pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inavutwa juu, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kisha, ukiwa umelala chali na mguu mwingine umekunjwa, inua mguu ulionyooka hadi usawa wa goti la pili, uushushe polepole. Polepole ndiyo dawa yenyewe, kwani msuli unaposhusha uzito kwa utaratibu vipokezi vyake navyo vinapata mafunzo.

Baada ya hapo hamia kwenye kuinuka kitini. Anza na kiti kirefu au weka mto. Miguu iwe upana wa nyonga, goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisianguke ndani. Hapa kioo kinasaidia sana, na kama hakuna kioo mjukuu anatosha. Hakuna mkosoaji mkali kama mjukuu. Shuka kwa hesabu ya tatu. Seti mbili za kumi, siku tatu kwa wiki, uzidishe taratibu. Ikifika siku unafanya bila shida, panda kibarazani: mguu mbovu juu, panda, shuka ukiuongoza mguu usidondoke.

Kuhusu maumivu, kanuni ni hii. Jipe alama kutoka sifuri hadi kumi. Hadi tano wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake goti limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha; punguza idadi, usiache.

Hatua ya tano: ufundishe mguu kujua ulipo

Siku zilezile za paja, ongeza dakika kumi za usawa, ukutani au kwenye kona ya chumba ambako huwezi kuanguka mbali. Simama hamisha uzito kushoto na kulia huku unasikiliza nyayo. Kisha weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Kisha mguu mmoja. Kila ukilizoea zoezi, ongeza jambo moja tu: geuza kichwa, au simama juu ya godoro jembamba lililokunjwa, au hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba. La mwisho linachekesha lakini lina maana, kwani njiani hutembei ukifikiria goti, unafikiria nauli na bei ya nyanya.

Zoezi ninalolipenda ni la alama. Chora kwa chaki sakafuni duara tano za ukubwa wa sahani. Angalia duara, tazama mbele, kisha weka mguu bila kuangalia chini. Ndipo utazame umekosea kiasi gani. Ni zoezi dogo, ila linafanana kabisa na kushuka ngazi za mawe ukiwa na beseni kichwani.

Je, hisia yenyewe inarudi? Mazoezi ya namna hii yana ushahidi mzuri kwenye maumivu, nguvu na kutembea. Kwenye hisia yenyewe matokeo ni ya wastani. Anayekuahidi goti jipya ndani ya siku saba anakuuzia kitu. Wiki sita hadi kumi na mbili ndipo mtu anaona tofauti ya kweli.

Vitabu vingi vitakushauri ufanye mazoezi ndani ya maji, na ni ushauri mzuri, ila usiuchukulie kuwa ni ruhusa ya kuingia ziwani. Maji ya ufukweni hapa yana kichocho. Tumia bwawa la kuogelea ukilipata. Ukilikosa, hayo ya nchi kavu yanatosha.

Hatua ya sita: njia, giza na mwalo

Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hapa mjini wanaushika upande wa mguu mbovu, na hapo haupunguzi mzigo inavyotakiwa. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na viatu vyako, mkono umening'inia. Kupanda ngazi za njiani, tofauti na lile zoezi la kibarazani, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia mkongojo na mguu mbovu.

Kushuka ndiko kubaya, na kushuka jioni ndiko kubaya zaidi. Msuli uliochoka unatuma taarifa za ovyo, kwa hiyo mama aliyeshinda mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inapotua, akianika dagaa, ameinama na kuchuchumaa kutwa, ana hisia ndogo ya goti saa kumi na mbili kuliko aliyokuwa nayo asubuhi. Aliyechuchumaa muda mrefu asimame kwanza, ahamishe uzito mara kadhaa kushoto na kulia, ndipo aanze kutembea. Na kama pesa ya bodaboda ipo ya upande mmoja tu, mimi ningeitumia siku ambayo miguu imechoka zaidi, sio siku ambayo nina haraka.

Ndala zilizolegea ziwe za chumbani. Njiani vaa kiatu chenye mkanda nyuma na soli isiyoteleza, isiwe nene kama godoro. Bandeji ya mpira au soksi ya goti inasaidia baadhi ya watu kwa kuipa ngozi habari zaidi, lakini msaada huo unaisha ukiivua. Isibane hadi mguu uvimbe chini, na usilale nayo.

Sasa giza. Yule anayetegemea macho, umeme ukikatika amebaki bila kitu. Tochi iwe kando ya kitanda, si jikoni. Kingo za ngazi zipakwe chokaa nyeupe. Njia ya chooni usiku isiwe na ndoo wala sufuria, na kwenye choo cha kuchuchumaa pawe na mti au bomba la kushikia ukutani.

Kwenye kivuko cha Kamanga, subiri chombo kitulie ndipo ushuke, na upitie upande wenye kitu cha kushika. Kwenye mtumbwi usiingie umesimama: kaa kwanza kwenye ukingo, geuka, ingiza miguu mmoja mmoja huku mtu amekushika mkono. Ndani ya maji ya magotini huoni nyayo zako, na mchanga unasogea, hivyo macho na goti vyote vimekunyima habari kwa wakati mmoja. Omba mkono. Vijana wa mwaloni hawakatai mzee akiwaita.

Uzito nao unahesabika. Kila kilo moja unayopungua inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Piga hesabu ya hatua kutoka barabarani hadi nyumbani kwako.

Ukienda hospitali, sema hivi

Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya fiziotherapia. Hospitali kubwa kama Bugando zina wataalamu hao. Usiseme "naumwa magoti" ukanyamaza, maana utapewa vidonge na kuagwa. Sema goti linaniachia mara ngapi kwa wiki, nikiwa nashuka au napanda, nimeanguka au nimenusurika, gizani hali ikoje. Toa daftari na ile video. Taja dawa zote, za presha, za kisukari na za mitishamba. Kama umeshauriwa upasuaji wa kubadilisha goti, ambao MOI, taasisi ya mifupa ya Dar es Salaam, huufanya, uliza mpango wa mazoezi kabla na baada yake, kwa sababu goti la chuma halina vipokezi, na msuli wa paja utabaki kuwa kazi yako.